Raha ya Kwenda Kazini kwa Miguu: Jibu kwa Msomaji wa Ilboru

Swali: Shikamoo mtaalamu. Mimi ni karani wa uhasibu mwenye umri wa miaka 43. Ninaishi Ilboru, na ofisi yetu iko karibu na Soko Kuu hapa Arusha mjini. Tangu mwezi wa sita nimekuwa nikienda kazini kwa miguu, mwanzoni kwa sababu nilichoka kugombania vifodi, daladala zetu ndogo za hapa, asubuhi, na sasa kwa sababu nimependa. Natoka nyumbani saa 12:40 na kushuka kwa dakika 45. Jioni mara nyingine narudi kwa miguu, mara nyingine napanda gari. Wenzangu ofisini wananiuliza kama nimeishiwa nauli, na mume wangu anasema kama nataka mazoezi ni afadhali nijiunge na jimu siku mbili kwa wiki. Nashindwa kuwaeleza raha ninayoipata, kwa maana ni mambo madogo madogo tu: hewa ya asubuhi, mlima, watu ninaokutana nao. Je, raha hii ina msingi wowote kitaalamu, au ninajifariji? Na nifanyeje nisije nikaacha mvua za vuli zikianza?

Jibu: Marahaba, dada yangu. Hujifariji hata kidogo, na nitajaribu kueleza kwa nini, ingawa itanibidi nianzie mahali ambapo huenda hukupatarajia. Mimi ni mtaalamu wa fiziotherapia, yaani kazi yangu ni viungo, misuli na mwendo wa binadamu, na kwa miaka mingi nimekuwa nikiwaelekeza wagonjwa mazoezi ambayo wengi wao huyaacha kabla ya wiki ya tatu kwisha. Wewe umefanya kwa zaidi ya miezi mitatu, bila kusukumwa na mtu, jambo ambalo mimi nashindwa kuwafanya watu walifanye kwa mwezi mmoja. Kwa maoni yangu siri yako ni kwamba hufanyi mazoezi, unakwenda kazini. Anayekwenda jimu hana budi kuamua upya kila mara kwamba leo ataenda, na uamuzi huo humkuta amechoka, au ana wageni, au mtoto ana homa. Wewe kazini utakwenda tu, upende usipende, na mwendo umejificha ndani ya shughuli ambayo tayari ilikuwepo. Raha unayoisikia inaanzia hapo: mwili unapata haki yake bila nafsi kubembelezwa.

Ushahidi mmoja mashuhuri wa jambo hili ulitoka kwenye mabasi, wala haukuwahusu wanariadha. Mwaka 1953 daktari Jerry Morris na wenzake walichapisha nchini Uingereza utafiti uliolinganisha madereva na makondakta wa mabasi ya ghorofa ya London. Watu hao walifanya kazi katika mabasi yale yale na katika jiji lile lile, lakini dereva alikaa kutwa kwenye kiti, ilhali kondakta alipanda na kushuka ngazi za basi saa zote za zamu yake. Makondakta walipatwa na ugonjwa wa mishipa ya moyo kwa kiwango kidogo kuliko madereva, na hata walipopatwa nao haukuwa mkali vile. Kumbuka kwamba hakuna kondakta aliyepanda zile ngazi kwa ajili ya moyo wake; alikuwa akikata tiketi. (Kondakta wa kifodi cha Arusha, aliyejikunja mlangoni baada ya kumwachia abiria wa kumi na tisa nafasi yake, ningepata taabu kumpangia kundi.)

Sasa tuingie ndani ya mwili wenyewe. Ukitoka nyumbani, dakika kumi za mwanzo huwa nzito, na watu wengi wanaojaribu kutembea hukata tamaa hapo hapo, wakidhani kwamba uzito ule ndio kutembea kwenyewe. Katika dakika hizo mishipa midogo ya damu iliyomo ndani ya misuli ya miguu inatanuka, moyo unaongeza kasi kidogo kidogo, na magoti yanaanza kulainika. Gegedu, lile tabaka nyororo linalofunika ncha za mifupa ndani ya kiungo, halina mishipa ya damu. Hupata chakula chake kutoka katika ute wa kiungo kwa kubinywa na kuachiliwa, kama dodoki linalokamuliwa ndani ya maji kisha likaachwa linywe tena. Kila hatua ni mbinyo mmoja. Ndiyo maana goti lililolala usiku kucha huamka gumu, na ndiyo maana ugumu huo huwa umeyeyuka unapokaribia Mianzini.

Baada ya hapo mwendo hujiendesha wenyewe, na neno hili nalitumia kwa maana yake halisi. Ndani ya uti wa mgongo kuna mitandao ya neva inayoendesha zamu ya mguu wa kulia na ya mguu wa kushoto bila ubongo kulazimika kusimamia kila hatua, hivyo kichwa hubaki huru kutazama, kuwaza, au kutowaza chochote. Ni mtindo wa kale mno, na sisi wa mkoa huu tuna alama yake karibu: mwaka 1978 huko Laetoli, katika eneo la Ngorongoro, timu ya Mary Leakey ilifukua mfululizo wa nyayo zilizokanyagwa kwenye majivu ya volkano miaka milioni 3.6 hivi iliyopita. Zinaonyesha kisigino kikitua kwanza, na kidole gumba kikiwa kimelala sambamba na vidole vingine, jinsi unyayo wako wewe unavyojichora kwenye udongo laini wa Ilboru. Kiti cha ofisi, ukikilinganisha na mwendo huo, ni mgeni wa jana.

Jambo jingine la mwilini linahusu vigimbi. Moyo huishusha damu hadi miguuni bila taabu, lakini kupanda tena damu inahitaji msaada, na msaada huo hutolewa na vigimbi, ambavyo huikamua mishipa ya vena kila unapokanyaga, huku vali ndogo zilizomo ndani ya mishipa hiyo zikiizuia damu isirudi chini. Kwa karani anayekaa mezani kwa muda wa saa nane pampu hii huwa imelala, na ndiyo sababu jioni viatu hubana na soksi huacha mchoro kwenye miguu. Ule wepesi unaousikia siku unazorudi kwa miguu, ambao siku za kifodi huupati, una maelezo hayo mepesi, wala huhitaji kuutafutia mengine.

Huenda pia kuna jambo lililokushangaza mwezi ule wa sita. Wengi wanaoanza kutembea njia ya mteremko huniambia kwamba mapaja yao yaliuma kwa mbele siku ya pili na ya tatu, na hawaelewi, kwa kuwa wao wanajua kazi ni kupanda, kushuka ni bure. Kushuka nako ni kazi, ila ya namna yake: msuli wa mbele ya paja, unapokuzuia usiporomoke, hufanya kazi huku ukirefushwa, na kazi ya namna hiyo huchubua msuli zaidi kuliko ile ya kujikunja. Maumivu hupungua baada ya siku chache, na msuli ukishazoea hauumi tena kwa urahisi. Zaidi ya hapo jiografia imekupendelea. Mji wetu umeegemea Mlima Meru, kwa hiyo mtu wa Ilboru asubuhi anashuka, mapigo ya moyo hayapandi sana na blauzi inafika ofisini kavu. Jioni, wakati hakuna anayekungojea ukiwa nadhifu, ndipo unapoupanda mlima. Anayetoka Njiro kuja mjini kwa miguu amepangiwa kinyume, na namwonea huruma.

Kuna neema nyingine ambayo huitambui kwa sababu imekuzunguka pande zote, nayo ni mwanga. Ndani ya ubongo mna saa inayopanga lini usingizi uje na lini uondoke, na saa hiyo hurekebishwa kila siku na nuru ya asubuhi inayoingia machoni. Nuru ya nje, hata siku ambayo Meru imejifunika mawingu hadi kiunoni, ni kali mara nyingi kuliko ya taa za ofisini, ingawa macho yetu, kwa kuzoea, hayatuambii tofauti hiyo. Wafanyakazi wa nchi za kaskazini mwa Ulaya huenda kazini gizani na kurudi gizani kwa miezi kadhaa ya mwaka. Sisi tulio nyuzi tatu na ushei kusini mwa ikweta jua letu huchomoza kati ya saa 12 na dakika chache na saa 12 na dakika 40 hivi, mwaka mzima, kwa hiyo saa uliyojichagulia ya kutoka nyumbani haitakukutanisha na giza hata mwezi mmoja. Kama siku hizi unasinzia mapema usiku na kuamka kabla ya king'ora cha simu, anza kuishuku nuru hiyo kabla ya kuushuku umri.

Umesema hujui namna ya kuwaeleza watu raha hii. Labda ujaribu kuwaambia habari ya baraza. Katika nyumba za Waswahili mgeni hatoki barabarani akaingia chumbani moja kwa moja. Kuna baraza, anaketi, anapunga upepo, anaulizwa habari za huko atokako, na akiingia ndani anaingia akiwa ametulia. Dakika zako 45 ni baraza iliyojengwa kati ya nyumba na ofisi. Aliyebanwa ndani ya kifodi, kiwiko cha jirani kikiwa ubavuni na redio ikimlilia sikioni, hufika mezani kwake akiwa bado ana ugomvi wa soksi za watoto kichwani, na jioni hurudi nyumbani akiwa na sauti ya bosi masikioni. Hakupewa mahali pa kuvitua vitu hivyo. Wewe unavitua njiani. Mwaka 2014 watafiti wa Chuo Kikuu cha Stanford huko Marekani, Marily Oppezzo na Daniel Schwartz, walichapisha majaribio yaliyoonyesha kwamba watu wakitembea, na hata kwa muda mfupi baada ya kuketi, huzalisha mawazo mapya mengi zaidi kuliko wakiwa wamekaa tu. Faida hiyo haikuonekana kwenye maswali yenye jibu moja sahihi. Kwa mhasibu maana yake ni kwamba usitazamie vitabu visivyolingana vilingane ukiwa Kaloleni. Lakini namna ya kumweleza mkuu wako kwamba havilingani, hiyo inaweza kukujia njiani.

Hata hivyo, nikilazimishwa kuchagua moja kati ya raha ulizozitaja, nitaiacha hewa na nitauacha mlima, nichague watu. Nilipoanza kazi nilitembea kwa miaka saba kutoka Sekei, na kila asubuhi nilimkuta mlinzi mmoja mzee kwenye geti la ghala, akimalizia zamu ya usiku, amejitanda shuka hadi masikioni. Nilimwamkia, akaitikia marahaba, na mazungumzo yetu yaliishia hapo kwa karibu mwaka mzima. Siku moja nilichelewa kama robo saa hivi. Kabla sijafungua kinywa akasema, "Leo umenikalisha." Kumbe yule mzee alikuwa ameacha kutazama saa, mwenzake wa mchana alikuwa hana wakati maalumu wa kufika, lakini mimi nilikuwa nao, kwa hiyo nikipita ndipo alipoanza kukunja shuka lake na kumpigia mwenzake simu ya kumkumbusha. Nilikuwa saa ya mtu, bila habari. Nilicheka njia nzima, na tangu siku ile nilijitahidi nisichelewe, jambo ambalo mwajiri wangu kwa maonyo yake yote hakuwahi kulipata kwangu.

Jambo hili haliwezekani bila marudio. Ukipita mahali mara moja unaona mama anakaanga vitumbua. Ukipita mara hamsini unajua kwamba Jumatatu anachelewa kuwasha jiko, kwamba binti yake anamsaidia shule zikifungwa, na kwamba usipopita siku mbili atakuuliza ulikuwa wapi. Muuza kahawa na birika lake juu ya makaa, anayegonga vikombe ili ajulikane anapita. Fundi cherehani anayetoa mashine kibarazani na kuifuta kwa kitambaa kile kile. Watoto wa shule wenye fagio na madumu ya maji, wanaokusalimia kwa pamoja "shikamoo" ndefu isiyo na pumzi: hawa wote abiria wa kifodi huwaona, lakini wao hawamwoni. Anayetembea huona na huonwa. Nami naamini, kwa kuwatazama wagonjwa wangu wazee zaidi kuliko kwa kusoma vitabu, kwamba kuonwa kila siku na watu wasiokudai kitu ni chakula ambacho mwanadamu akikikosa hudhoofika, na hospitalini hatuna kipimo chake.

Marudio hayo hayo ndiyo yanayokufundisha mlima. Asubuhi Meru iko mgongoni kwako, na kwa kuwa kilele chake kinazidi mita 4,500 na mawingu huanza kukusanyika kadiri jua linavyopanda, saa zako ndizo saa zake za kuwa wazi. Lakini kuiona lazima usimame na kugeuka. Nakushauri ujichagulie mahali pamoja pa kugeukia, pale pale kila siku. Baada ya miezi michache utaanza kuona mambo ambayo mtu wa gari hana habari nayo: siku ambazo baridi ya mwezi wa saba imeuficha mlima wiki nzima, siku ambazo miamba ya juu imeoshwa na mvua ya usiku ikawa karibu kuliko jana, na siku chache, hasa baada ya mvua kubwa zenye baridi, ambazo kileleni pamenyunyizwa weupe unaotoweka kabla ya chai ya saa nne.

Kuhusu wenzako wa ofisini, nisiwalaumu sana. Katika miji yetu wengi wanaotembea wanatembea kwa sababu mfuko umewalazimisha, na mtu ambaye ametoka Muriet alfajiri na ndoo ya samaki kichwani hatakuelewa ukimwambia habari za raha. Anajua kwamba raha ya kutembea inahitaji mtu awe na hiari ya kutotembea. Hilo tulikubali bila kujitetea. Lakini aibu ya kuonekana njiani kwa miguu ni mpya kuliko wanavyodhani. Ukipita Kaloleni unapita karibu na Makumbusho ya Azimio la Arusha, na Azimio lenyewe lilipotangazwa Februari 1967 vijana waliliunga mkono kwa matembezi ya masafa marefu. Oktoba ya mwaka ule ule Mwalimu Nyerere, aliyekuwa Rais na mwenye magari, alikwenda kwa miguu kutoka Butiama hadi Mwanza, safari ya siku kadhaa. Ukiulizwa tena kama umeishiwa nauli, jibu kwamba nauli unayo na unaiweka. Kisha muulize anayekuuliza yeye huwa anamsalimia nani kati ya Sanawari na ofisini.

Mume wako, kwa upande wake, amekosea nusu na kupatia nusu. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa mwaka 2020 unapendekeza kwa mtu mzima dakika 150 hadi 300 za shughuli ya kadiri kila wiki. Kwa asubuhi tano za dakika 45 wewe una dakika 225, kabla ya kuhesabu jioni hata moja, na kwa hiyo huhitaji jimu kwa ajili ya moyo. Lakini mwongozo huo huo unapendekeza pia kazi ya kuimarisha misuli mikubwa ya mwili angalau siku mbili kwa wiki, na hapo kutembea hakutoshi, hasa kwa mwanamke aliyevuka miaka 40 ambaye anahitaji kuitunza mifupa yake. Ukipenda jimu, nenda. Usipoipenda, kuinuka kitini mara kumi na tano bila kushika meza, kusukuma ukuta, na kubeba ndoo mbili za maji zilizolingana uzito ni mwanzo mzuri. Ninachokuomba ni kwamba usiruhusu jimu ichukue nafasi ya njia yako, kwa kuwa najua ni ipi kati ya hizo mbili itakayokuwa bado hai mwakani.

Hukuuliza kuhusu uzito, na nakushukuru kwa hilo, lakini kuna mtu atakuuliza, kwa hiyo niseme kwa kifupi. Mwaka 2012 Herman Pontzer na wenzake walichapisha vipimo vya Wahadza wa karibu na Ziwa Eyasi, watu ambao hutembea mno kila siku kuwinda na kuchimba mizizi, na wakakuta kwamba nishati ambayo miili yao hutumia kwa siku, ukizingatia ukubwa wa mwili, haizidi ile ya watu wa Ulaya na Marekani. Mwili una namna zake za kubana matumizi mahali pengine. Anayetembea ili mizani ishuke ataikasirikia mizani, kisha ataikasirikia njia. Vivyo hivyo usijifunge na hatua 10,000 zinazotangazwa kwenye simu; hesabu hiyo ilienezwa na kifaa cha kuhesabia hatua kilichouzwa Japani mwaka 1965, ambacho jina lake lilimaanisha kipimo cha hatua elfu kumi, na utafiti uliochapishwa Marekani mwaka 2019 kwa wanawake wazee ulionyesha kwamba nafuu yao iliongezeka hadi kama hatua 7,500 kwa siku, kisha ikatulia. Ukianza kuhesabu utakuwa umeigeuza njia yako kuwa mazoezi, na tumekwisha kuona mwisho wa mazoezi.

Sasa mvua. Watu huacha kutembea kwa sababu ya viatu zaidi kuliko kwa sababu ya maji yenyewe. Acha viatu vya ofisini kwenye droo ya meza, pamoja na kitambaa cha kufutia miguu, na njiani vaa raba zenye nafasi mbele ya vidole na soli yenye meno. Jioni zijaze magazeti makavu ili asubuhi zisikuvunje moyo. Mkoba wa bega moja uuache, utafute wa mgongoni wenye mikanda miwili, kwa sababu bega moja likibeba miezi yote hiyo shingo itakuja kulalamika kwangu. Mwavuli unafaa kwa manyunyu, ila kwenye upepo koti la mvua ni bora, na linakuachia mikono yote miwili kwa ajili ya utelezi. Mahali ambapo hakuna kijia cha waenda kwa miguu, tembea kulia ukiwa umeyakabili magari yanayokuja, na masikio yaache wazi, maana bodaboda haina adabu ya kukungojea utoe visikizio. Mvua ikiwa kubwa kweli kweli, ya kufurika mitaro, panda kifodi bila kujisuta. Baraza haibomoki kwa sababu hukuketi siku moja. Mvua za vuli kwa kawaida si za kutwa nzima, na mara nyingi kungoja dakika ishirini chini ya paa la duka hukuondolea tatizo zima na kukuongezea watu wawili watatu wa kusalimiana nao.

Njoo uonane na mtaalamu wa afya usipoteze muda ukisikia kifua kikibana ukiwa unapanda, au kigimbi kimoja kikivimba na kuuma peke yake. Na kama una kisukari, jikague nyayo kila jioni, kwa kuwa lengelenge usilolisikia ndilo linalokuwa kidonda.

Jambo la mwisho ni la mwezi huu na ujao. Mijakaranda ya mjini imeanza kumwaga maua, na mvua ya kwanza ikiyalowesha huwa yanateleza kama sabuni, hasa yakiwa juu ya lami yenye mteremko. Ukifika chini ya miti hiyo fupisha hatua, kanyaga kwa unyayo mzima badala ya kisigino, na mlima uutazame ukiwa umesimama.